Kutembea Nyuma ya Kakakuona

Nilikuwa nimeshaanza kunyoa ndevu nilipotumwa kwa watu wa mama yangu, huko msituni, mbali sana na Bukavu, kwenda kuomba mbuzi. Nilitaka kuoa. Kwetu mtoto wa dada akitaka kuoa anakwenda kwa mjomba wake, anakaa, anakula, anasema shida yake, na mjomba anaangalia juu kama vile hajasikia. Wangu aliangalia juu muda mrefu. Halafu akasema, "Hii nyumba inavuja. Unaona?" Nikasema naona. "Basi uezeke kwanza. Mbuzi atangoja, hana safari."

Nikapanda. Mimi nilikuwa kijana wa mjini, baba yangu alishona viatu karibu na soko la Kadutu, nyumba zetu zote zilikuwa za bati. Kule kwa mjomba wanaezeka kwa majani mapana ya msituni, unapasua kikonyo kidogo, unakichomeka kwenye ufito, jani linaning'inia, unachukua lingine. Nilianzia juu. Niliona hiyo ndiyo akili: mvua inatoka juu, basi zuia juu kwanza. Nikaja hivyo hivyo hadi chini, kazi ya kutwa nzima, nikashuka nikijiona mwanaume. Mke wa mjomba alikuwa ameinjika sombe, majani ya muhogo. Jioni mvua ikaja, na maji yote yakapita katikati ya jani na jani, moja kwa moja hadi kwenye chungu.

Mjomba hakukasirika. Alicheka mpaka akakaa chini. "Hawa batoto ba Bukavu!" akasema. "We haujaona kakakuona? Hakuna mutu alikufundisha?" Nikasema sijamwona. Akanieleza kwamba kwao, watu wa mama, wanasema kakakuona ndiye aliyewafundisha binadamu kuezeka. Angalia magamba yake, akasema, anaanzia chini, la juu linafunika la chini, mvua inateleza. Kwa hiyo yule haliwi ovyo kama swala. Ukimkuta amekufa njiani, unaita wazee, na kila mtu anajua nafasi yake. Nikang'oa majani yote, nikaanza upya kuanzia chini. Mbuzi nilipewa, mwembamba, pembe moja imevunjika. Nikaoa. Mke huyo ninaye mpaka leo, na akinikasirikia husema yule mbuzi ndiye aliyepunjwa.

Baada ya hapo sikumfikiria kakakuona kwa miaka mingi sana. Kulikuwa na mambo mengine ya kufikiria. Vita vya kwetu wameshaviandika watu wanaojua kuandika. Mimi shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole. Nitasema tu kwamba tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mimi, mke, watoto, na nyundo moja niliyoificha ndani ya godoro.

Dzaleka zamani ilikuwa gereza, wanakwambia hivyo siku ya kwanza, kama vile utafurahi. Mimi niliangalia paa. Nyasi juu ya plastiki, plastiki juu ya nyasi, na mawe juu ya vyote ili upepo usichukue. Nikaanza kuezekea majirani. Mwanzo nililipwa unga, baadaye hela. Miaka ikaenda, watu wakapata ndugu huko ng'ambo, ndugu wakatuma kitu, na nyumba za bati zikaanza kuota moja moja. Bati, au manjanja tunavyosema sisi, au malata wanavyosema Wamalawi. Nikawa fundi wa kujulikana. Misumari nilikuwa nanunua Lilongwe, Old Town, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyependa kunibishia kuhusu unene wa bati. Kwenda kule ni kazi: kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka barabara kubwa, halafu minibasi, Lumbadzi wanashusha watu na kuku, halafu mji. Goti langu la kushoto lilianza kuharibika kwenye hizo minibasi, mimi nasema hivyo, ingawa mke wangu anasema lilianza kwenye mapaa.

Siku moja, miaka ya elfu mbili na kumi imeshasonga, Mhindi akaniambia kuna watu wana banda linavuja, hapo hapo mjini, upande wa mto. Watu gani? Watu wanaotibu wanyama wa porini. Nikacheka. Mimi hospitali ya kambini nilikuwa napanga foleni tangu alfajiri, na kumbe kuna nyani wenye daktari wao. Lakini kazi ni kazi. Nikaenda na nyundo.

Banda lilikuwa dogo, siku mbili nikalimaliza. Nilipokuwa nashuka ngazi siku ya pili, polepole kwa sababu ya goti, nikamwona chini yangu mwanamke kijana, Mmalawi, amevaa gambuti, amekumbatia kitu kwenye tumbo kama mtu aliyebeba fenesi. Kile kitu kikatoa pua. Halafu nikaona magamba, la juu limefunika la chini. Nikavua kofia. Mkono ulienda wenyewe.

Yule mwanamke ndiye aliyekuwa daktari wao, dokotala wanavyosema kule. Aliniangalia na kofia yangu mkononi, akasema kwa Chichewa, "Agogo, wewe unatembea hivyo siku zote?" Kule agogo ni babu, neno la heshima, ingawa mimi wakati ule nilikuwa sijakubali.

"Hivyo vipi?"

"Polepole hivyo."

"Hata nikifukuzwa," nikasema.

Akacheka. "Ndiye mtu ninayemtafuta. Vijana wangu wanatembea kama wamechelewa basi."

Akanieleza, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa. Yule kakakuona, dume, alinyang'anywa kwa watu waliokuwa wakimwuza kando ya barabara. Walikuwa wamemfunga mguu wa nyuma kwa waya, wakamtia kwenye gunia, na waya ukala nyama mpaka karibu na mfupa. Kidonda kinatibika, alisema. Kinachowaua hawa ni njaa. Huyu hali kwenye sahani. Hawezi kuletewa chakula, wala huwezi kumwacha peke yake porini na mguu ule, watamkamata tena. Kwa hiyo kila siku inabidi mtu amtoe, atembee naye, mnyama ajitafutie sisimizi na mchwa mwenyewe, halafu arudishwe. Kabla yake walikuwa wamepata mwingine, akakataa kula, akafa. Dokotala alisema hivyo akiangalia pembeni.

Nikakubali. Kibarua, siku za kazi nalala kwenye kibanda cha mlinzi, Jumamosi naenda kambini, na siku ya kugawa mahindi lazima niwepo, maana usipoonekana wanasema umehama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi tunaosha kidonda. Dokotala anampakata magotini, mimi namwaga maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Mwanzo anajikunja, anakuwa mpira, na huwezi kumkunjua, hata watu wawili hamuwezi, mtamvunja. Unangoja. Ananuka udongo wa mvua na kitu kingine kama unyoya ulioungua. Ukingoja vya kutosha anajilegeza kidogo, mguu unatoka, unaosha haraka bila kukwaruza, unapaka dawa. Halafu tunamtia kwenye gunia, tunamtundika kwenye mizani, kama sokoni. Halafu anaachwa alale mpaka alasiri, jua likipungua ukali, ndipo mimi na yeye tunaingia porini. Pale pana msitu ndani ya uzio, mpaka mtoni.

Mimi nilitangulia. Nataka mtu aelewe kwa nini. Maisha yangu yote anayejua njia ndiye anayekaa mbele. Tulipotoka kwetu kulikuwa na mtu mbele, na sisi tukaangalia visigino vyake tu, usiulize chochote. Wageni wakifika Dzaleka, mimi natangulia: hapa bomba, pale ofisi, huku kanisa la Waswahili, hapa usipite mbwa ni mkali. Na mgeni hapelekwi kujitafutia chakula. Mgeni anakaa, anawekewa, anaambiwa karibu, anasukumiwa kipande kikubwa. Basi mimi nilimchukulia yule kama mgeni, na mgeni wa upande wa mama, ambaye ni mzito zaidi.

Na mchwa nawajua. Wamalawi wanawakaanga wale wenye mabawa, ngumbi, mvua ya kwanza ikinyesha, na sisi kwetu tunakula pia. Mchwa mnono si lazima niambiwe. Nilichagua vichuguu vikubwa, vile vyekundu virefu. Nilikuwa na jembe dogo, navunja ubavu, weupe wanamwagika, wanono kama wali. Halafu nageuka kumwita. Yeye alikuwa anakwenda upande mwingine, kwenye majani makavu yasiyo na kitu. Namzuia kwa mguu. Namgeuza kwa viganja, taratibu, namwelekeza kwenye kichuguu. Ananusa. Anajikunja.

Akijikunja mimi nakaa chini, nanyoosha goti, nampigia hadithi. Niliona ni vizuri azoee sauti yangu. Nilimweleza habari za Kadutu, habari ya fundi mmoja aliyeezeka paa la kanisa akaacha koti lake ndani ya dari, habari ya sombe ya mke wa mjomba, nikamwambia, wewe ndiwe uliyetakiwa kunifundisha siku ile, ulikuwa wapi? Hakujikunjua. Jua linashuka, namwinua, namrudisha, tumbo tupu.

Asubuhi, mizani. Dokotala alikuwa anasoma, anamtoa kwenye gunia. Anamshika muda kidogo zaidi kabla ya kumweka chini. Mshale ulikuwa unashuka. Sihitaji shule kuona mshale unashuka.

Ijumaa akaniambia, "Agogo, akiendelea hivi, wiki ijayo hatakuwa na nguvu ya kuchimba. Na asipochimba, basi."

Nikasema nimesikia.

Jumamosi nikaenda Dzaleka. Nilipita kunyoa kwa kinyozi wetu, Mrundi, mtu mwenye mdomo, kiti chake hakikauki wasikilizaji. Akaniuliza mbele ya wote, akiniita mzee kwa lugha ya kwao, "Mutama, eti siku hizi unachunga?"

"Ndiyo."

"Ng'ombe ngapi?"

"Kakakuona mmoja."

Waliokaa wote wakacheka, na waliosimama pia. "Iko na kengele?" akauliza mmoja, Mkongo mwenzangu wa upande wa Uvira. "Unamufunga kamba?"

"Simufungi. Tunatembea tu."

"Banakulipa juu ya kutembea?"

"Wananilipa."

"Basi mi natembeaka hapa tangu asubui, mupelekee boss wako salamu."

Kinyozi akanishika kichwa nisigeuke. "Mutama, usiwasikilize. Nyama yake ni tamu, eh?"

"Sijui. Kwa watu wa mama haliwi ovyo."

"Na magamba? Kuna mtu aliniambia magamba ni dawa ya mgongo."

"Dawa ya mgongo ni kuacha kubeba," nikasema, na hapo wakanipa mimi kicheko, nikalipa, nikaenda nyumbani.

Mke wangu ndiye aliyeuliza swali la maana, wakati anapepeta mchele. "Papa, anakula?"

"Hali."

"Unamupatia nini?"

Nikamweleza vichuguu, jembe, wale weupe. Akaendelea kupepeta. "Mama yangu mimi nilipokuwa na mimba ya kwanza alikuwa ananiletea samaki kila siku," akasema. "Mukubwa, mwenye mafuta. Na mi nilikuwa nataka udongo tu."

Sikulielewa neno lile siku ile, au nililielewa kama habari ya mimba. Nikalala. Kesho yake kanisa. Kwaya ya vijana siku hizi wanapiga gita la umeme mpaka bati linatetemeka, na bati lile nililipiga mimi, nakaa nasikiliza misumari kuliko mahubiri. Jumatatu nikarudi mjini.

Alasiri hiyo dokotala akasema anakuja na sisi. Akavaa gambuti zake, hakuchukua kitu. Tukaingia porini, mimi mbele na jembe, kakakuona katikati, dokotala nyuma. Nikafanya kazi yangu kama kawaida, tena vizuri zaidi, kwa sababu naangaliwa. Nikavunja kichuguu. Nikamgeuza. Akajikunja. Nikakaa, nikaanza hadithi.

"Agogo," dokotala akasema.

"Naam."

"Mbona unamvuta kama mbuzi wa mnadani?"

"Simvuti. Namwonyesha."

"Nani kati yenu ana njaa?"

"Yeye."

"Na nani kati yenu anakula sisimizi?"

 Akaja akachukua jembe mkononi mwangu, si kwa hasira, kama unavyomwondolea mtu kikombe kilichokwisha. "Leo wewe ndiye mgeni," akasema. "Hapa mwituni yeye ndiye mwenye nyumba. Kaa nyuma. Mbali hivi." Akapima kwa macho, kama upana wa nyumba yangu. "Akienda, nenda. Akisimama, simama. Akiingia kwenye miiba, zunguka umsubiri upande wa pili, lakini usimkate njia. Na usiongee."

"Hata neno moja?"

"Hata kukohoa ukiweza."

Nikamwambia mimi sijawahi kutembea nyuma ya kitu nisichojua kinakwenda wapi. Akasema, "Basi utajifunza uzeeni." Halafu akaondoka, akarudi kwa wagonjwa wake wengine, kulikuwa na bundi aliyevunjika bawa na kima aliyeungua mikono kwenye waya wa umeme. Akaniacha na ule mpira wa magamba.

Nikarudi nyuma, nikasimama. Goti linauma ukisimama kuliko ukitembea, hilo nalisema kwa wanaofikiri kusimama ni kupumzika. Nilisimama mpaka inzi wakanizoea. Mpira ukafunguka kidogo. Pua ikatoka, ikageuka huku na huku. Akainuka. Anatembea kwa miguu ya nyuma tu, ya mbele ameikunja kifuani kama mzee wa kanisa anayepita kukusanya sadaka, mkia unamsawazisha. Anachechemea. Akaenda moja kwa moja mahali nilipomzuia siku zote zile, kwenye majani makavu yasiyo na kitu. Akanusa. Akachimba mara chache tu, kishimo kama cha kupanda mahindi, akaingiza mdomo.

Sikuona kitu. Nilisikia. Sauti ndogo, ya kulamba, kama mtu anayekunywa uji wa moto akijificha. Nikainama pale nilipo. Sisimizi weusi wembamba, wale wanaoingia kwenye sukari, wasiojaza hata kijiko. Ndio aliokuwa anawataka. Alikula pale muda usiozidi wa kufunga kamba za viatu, akaacha wengi tu, akaenda kwenye kishimo kingine. Vile vichuguu vyangu vikubwa alivipita kama wewe unavyopita ofisi isiyokuhusu.

Tulitembea hivyo mpaka giza likaanza kuingia. Kabla ya kumaliza alikuta mavi ya ng'ombe, sijui ng'ombe aliingiaje ndani ya uzio, akalala chali juu yake, akajigaragaza, magamba yote yakajaa. Na mimi ndiye niliyetakiwa kumbeba kwenye tumbo mpaka nyumbani. Dokotala alituona tunakuja, akanusa, akasema, "Leo amefurahi."

Asubuhi mshale ulikuwa pale pale. Haukupanda, lakini haukushuka. Dokotala alimtoa kwenye gunia na kumweka chini mara moja.

Sitasema ikawa rahisi. Kutembea nyuma ni kazi ya mwili mzima. Unajifunza kukanyaga kwa ubavu wa mguu, unajifunza kwamba shati jipya linapiga kelele kuliko la zamani, unajifunza kujikuna taratibu. Siku ya tatu nilipiga chafya, akajikunja, tukapoteza alasiri nzima, na kesho yake mshale ukashuka kidogo. Nikaacha ugoro. Watu waliokuwa wananiambia niache ugoro tangu ujana, mchungaji akiwemo, hawakufanikiwa.

Na ule unyamavu. Mke wangu nilipomwambia kazi yangu sasa ni kunyamaza, alikaa chini akacheka kama mjomba alivyocheka siku ile. "We? Papa, we unaongeaka hata umelala!" Ni kweli. Mimi nikikaa na mtu bila kuongea naona kama nimemtukana. Lakini kule porini nilikuta kwamba ukinyamaza siku nyingi, maneno yanaacha kusukumana. Nilikuwa naangalia mkia wake ukichora mstari kwenye vumbi, na mimi nakanyaga pembeni ya mstari. Sikuwa nafikiria kitu kikubwa. Nilikuwa nafikiria amegeuka, amesimama, anachimba. Wengine wakiniuliza kama nilimpenda sijui niwajibu nini. Hakuniangalia hata mara moja, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha inabaki hivyo. Dokotala alilisema wazi: siku atakapozoea watu, siku hiyo atamwendea mtu mwenye gunia.

Mvua zikaja. Sisimizi wakawa wengi, udongo ukawa laini, akawa anakula mpaka anachoka. Mshale ukaanza kupanda. Kidonda kikafunga, pakabaki kovu linalong'aa, bila gamba. Kuchechemea kukapungua, halafu kukabaki kwenye kuanza tu, akishika mwendo hakuonekani. Mimi ndiye niliyebaki nachechemea. Ikafika siku dokotala akasoma mizani, akaisoma tena, akasema, "Huyu anaweza kwenda."

Walimpeleka msitu wa serikali, mbali na mji, ambako walinzi wanazunguka na mitego inatafutwa kila siku. Nami nikaenda, nyuma ya piki-apu, nimekalia gurudumu la akiba na sanduku lake mbele yangu. Lakini hawaachiwi ghafla, dokotala alisema, akiachwa mahali asipopajua atazunguka tu mpaka achoke. Kwa hiyo siku za kwanza tulifanya kama mjini: alasiri anatoka, mimi nyuma, anakula, giza likikaribia nambeba namrudisha kwenye sanduku. Msitu ule ulikuwa mgeni kwangu na kwake. Niliwaza kwamba sasa hakuna anayejua njia kati yetu. Lakini yeye hakusita. Siku ya kwanza tu alijua pa kuchimba.

Dokotala alikuja siku aliyoona inatosha. Tulikaa naye juu ya gogo, sanduku liko wazi pembeni.

"Leo usimbebe," akasema kwa sauti ya chini.

"Na sanduku?"

"Liache wazi. Akitaka atarudi kulala. Wengine wanarudi siku moja mbili."

"Na asiporudi?"

"Ndiyo kazi yako imeisha, agogo."

Kakakuona alitoka. Alichimba karibu na sanduku, akalamba, akachimba tena mbele kidogo. Alipoanza kutembea mimi nikainuka kumfuata, miguu ilikuwa imeshazoea. Dokotala akanishika shati. Nikakaa.

Alikwenda bila haraka, mikono imekunjwa kifuani, akasimama kwenye mzizi mmoja akanusa, hakuona cha maana, akaendelea. Alipita katikati ya vichaka viwili, mkia ukaburuta majani kidogo, halafu majani yakatulia. Hakurudi tena.